Mkopo si Msaada



Mwaka 2009, huko Copenhagen, mataifa tajiri yaliahidi kuzipatia nchi maskini dola bilioni 100 kila mwaka ifikapo 2020, zikabili mabadiliko ya tabianchi. Ahadi ilitimizwa mwaka 2022, na sehemu kubwa ya fedha za umma ilikuwa mikopo. Miaka hiyohiyo, kaskazini mwa Kenya, misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo bila mvua ya kutosha. Akina mama walitembea mbali kutafuta maji. Je, ni haki aliyechomewa nyumba akopeshwe maji ya kuizimia?

Nasi tujihoji: katika kamati zetu za misaada, mama huyo ameketi wapi? Abebaye mtungi ndiye ajuaye umbali wa kisima. Asikilizwe kwanza.