Mzazi analia, msimwite mvivu

Mwanamke akiwa ndani ya arobaini akaanza kulia bila sababu au kumfokea mumewe, nyumbani huzuka maneno: ana kiburi, anadeka, kapandwa na jini. Mimi siyakubali. Wakati wa mimba kondo la nyuma hutengeneza homoni nyingi za estrojeni na projesteroni. Likishatoka, homoni hizo hushuka ghafla ndani ya siku chache tu, na ubongo uliozizoea kwa miezi 9 huyumba. Ongeza kukesha na mtoto. Ndiyo maana kilio huzidi siku ya 3 hadi ya 5 tangu kujifungua, na kwa wengi hupoa chenyewe kabla ya wiki 2.

Kikipita hapo, hataki kula, hana hamu hata na mwanawe, huo ni ugonjwa na una tiba. Mpelekeni kliniki. Akisikia sauti zisizokuwapo au akisema atajidhuru, ni hospitali usiku huo huo, wala asiachwe peke yake na mtoto. Kisomo kiendelee, nani amekikataza? Ila kisiwe sababu ya kuchelewa. Na wewe baba, mbebe mtoto usiku, mama alale.