Kompyuta Imesema

Kazi ya Serengeti naiheshimu. Tangu 2010 zilitegwa kamera 225 ndani ya hifadhi, zikijipiga kila mnyama apitapo. Kufikia 2018 watafiti walikuwa wamefunza kompyuta kwa hazina ya picha milioni 3.2, ikamtambua nyumbu na fisi kwa usahihi wa watu waliokuwa wakijitolea kuzipanga.

Ila kumtambua mnyama pichani si kujua anakoishi. Programu zinazochora makazi hupewa mahali alipoonekana, zikasoma mvua, majani na mwinuko wa hapo, kisha zikatafuta kwingine kunakofanana. Tatizo ni kwamba mnyama huonekana alipo wa kumwona: kando ya barabara, karibu na kambi. Pasipofika gari la mtafiti, ramani huweza kubaki nyeupe, nasi tunausoma weupe huo kama "hayupo".

Twende Kwakuchinja, ushoroba unaounganisha Tarangire na Manyara. Mkulima anayekesha akilinda mahindi yake anajua tembo wanapovukia. Ujuzi huo nani ameuingiza kwenye programu? Siku mpaka ukichorwa, ataambiwa kompyuta imesema. Hapana. Kompyuta imerudia tulichoilisha, na anayepoteza shamba si aliyeilisha.

Kwa hiyo tudai mawili. Ramani ioneshe waziwazi ilipokisia. Na mkulima aulizwe kabla mpaka haujachorwa, si aitwe mkutanoni kuoneshwa uliokwisha kupita shambani mwake.