Gisenyi: filamu ndogo, kumbukumbu kubwa

Mafuriko yaliyoikumba wilaya ya Rubavu Mei 2023, mto Sebeya ulipofurika usiku, hayakubomoa nyumba tu. Yaliwakumbusha wakazi wa Gisenyi kwamba kumbukumbu zilizowekwa sandukuni zaweza kupotea kwa usiku mmoja.

Zilizo dhaifu zaidi ni filamu za milimita 16, zilizoanza kuuzwa mwaka 1923, na za Super 8, zilizofuata mwaka 1965. Ukanda wa asetati ukikaa penye joto na unyevunyevu huoza, hunuka siki na kusinyaa. Projekta huweza kuuchana.

Kwa watengenezaji filamu wanaojitegemea, kuosha si kikwazo kikubwa. Filamu nyeusi na nyeupe huoshwa kwa mkono: tangi lisilopitisha mwanga, dawa ya kuitokeza picha, dawa ya kuiimarisha, na maji safi. Kaseti ya Super 8 ina mita 15 tu, yaani dakika mbili na nusu kwa kasi ya picha 24 kwa sekunde.

Kikwazo ni skana inayonakili picha moja baada ya nyingine bila kuvuta matundu ya ukanda. Ni mashine ghali, na kuupeleka ukanda ng'ambo ni kuhatarisha nakala pekee. Tayari sehemu kubwa ya filamu za enzi ya ukoloni imehifadhiwa Ubelgiji. Skana moja ya pamoja ingewawezesha wenyewe kuamua nani aone nini, huku ukanda wa asili ukibaki nyumbani, mahali pakavu.