Aliyegonga Akaondoka, na Arudi

Wiki iliyopita alifika ofisini kwetu dereva wa lori dogo la mizigo, mtu mzima aliyeshika usukani kwa zaidi ya miaka ishirini. Hakuja kutafuta kuandikwa gazetini. Ana nduguye afanyaye kazi katika chumba chetu cha mitambo, naye ndiye aliyemleta, kwa kuwa mzee huyo alikuwa halali usiku. Siku tatu nyuma, jioni, alikuwa akishuka Barabara ya Mandela kutoka Ubungo kuelekea Kurasini. Alipofika karibu na Buguruni alilikwepa basi lililomwingilia, na katika kukwepa huko akaipitia bajaji iliyokuwa imeegeshwa pembezoni. Alisikia mlio wa bati. Alipotazama kioo cha pembeni aliona watu wamekwisha kuanza kusogea. Hakusimama.

Swali lake lilikuwa hili: "Ndugu zangu, sasa niende polisi, au ninyamaze? Nikienda nitaulizwa nilikuwa wapi siku tatu hizi. Nisipokwenda, hapana ajuaye."

Tulimwambia aende. Na maadamu tulimwambia hivyo mbele ya uso wake, hatuna budi kuzieleza sababu zetu hapa, kwani twajua kuwa wako madereva wengine wengi, wa malori, wa mabasi na wa magari ya ofisi, ambao leo hii wamebeba siri kama ile, na wengine wao husoma ukurasa huu.

Kwanza tuseme juu ya yule asiyekuwapo katika mazungumzo yetu, yaani mwenye bajaji. Mzee alipokuwa akisimulia alitumia mara nyingi neno "kidogo". Alikwaruza kidogo, taa imevunjika kidogo, chuma kimepinda kidogo. Yawezekana. Lakini udogo wa jambo hupimwa na yule aliyeumizwa nalo. Vijana wengi waendeshao bajaji katika mji huu hawana bajaji zao wenyewe. Kila jioni humpelekea mwenye chombo hesabu ya siku, ambayo mara nyingi ni shilingi 15,000 au 20,000, na kinachobaki baada ya mafuta ndicho chakula cha nyumbani. Wengine wamechukua chombo kwa mkataba, nao hulipa kila siku kwa muda wa mwaka na zaidi ndipo kiwe chao. Bajaji ikilala kwa fundi siku mbili, hesabu hailali. Na tajiri wa bajaji akimkuta kijana na chombo kilichobonyea, swali lake la kwanza ni nani aliyekugonga. Kijana akijibu hajui, basi aliyegonga ni yeye.

Hapo ndipo tunapoona kwamba kuondoka bila kujitaja ni zaidi ya kosa la barabarani. Ni kumtwika mfanyakazi mwenzako mzigo wako, na kumwondolea hata njia ya kuutua. Fikirini habari ya bima. Bajaji nyingi zina ile bima ndogo, ya mtu wa tatu, ambayo ni ya lazima kwa kila chombo cha moto. Bima hiyo humlinda mtu mwingine dhidi ya chombo chako. Haikutengenezei chombo chako mwenyewe. Kwa hiyo kijana yule hawezi kwenda kwa kampuni yake ya bima. Njia yake ni moja tu, nayo ni kudai kwa yule aliyemgonga na kwa bima ya yule aliyemgonga. Bila jina, bila namba ya gari, bila taarifa ya polisi, njia hiyo imezibwa. Lori lina bima, tajiri wa lori ameilipia, fedha ya kutengeneza taa ile pengine ipo tayari, na haiwezi kumfikia mwenye haki kwa sababu mtu mmoja hakutaka kusema neno.

Sheria nayo haina kigugumizi. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 yamtaka dereva aliyehusika katika ajali asimame, ajitaje, na apeleke habari polisi. Si sheria ya nchi hii peke yake. Mkataba wa kimataifa wa barabara uliofanywa Vienna mwaka 1968 wasema kwamba ikiwa ajali imeharibu mali tu, na mwenye mali hayupo, aliyehusika aache jina na mahali apatikanapo pale pale kadiri iwezekanavyo, na kwa vyovyote ahakikishe kuwa habari inamfikia aliyepata hasara upesi, kwa njia iliyo fupi zaidi, na ikiwa hiyo haipo, kwa kupitia polisi. Yafaa kulitazama neno hilo "kwa vyovyote". Waliouandika mkataba walijua kuwa mtu aweza kushindwa kuacha jina mahali pa ajali. Walakini hawakumwambia kuwa akishashinda kona ile mambo yamekwisha. Deni humfuata mpaka nyumbani kwake.

Huko Uingereza sheria ya mwaka 1988 imetaja saa 24 za kupeleka habari, na kabla ya kutaja saa hizo imesema kwanza "mara iwezekanavyo". Wako watu wazisomao saa 24 kana kwamba ni likizo, kwamba mtu alale, aoge, anywe chai, ndipo aende. Sivyo. Ni mpaka wa mwisho. Na mzee wetu, kwa siku zake tatu, hata mpaka huo wa kigeni angekuwa ameuvuka. Hatukumficha jambo hilo. Tulimwambia kuwa yawezekana akashtakiwa, na kwamba hatuwezi kumwahidi kuwa hatatozwa faini. Lakini kuna tofauti kubwa baina ya mtu aingiaye kituoni kwa miguu yake mwenyewe na yule afuatwaye kazini baada ya namba ya gari lake kutajwa na muuza maji. Na hiyo "hapana ajuaye" ni maneno ya kujifariji. Barabara ya Mandela jioni ina macho elfu, na siku hizi karibu kila mkono una simu yenye kamera.

Basi kwa nini mtu mwema, asiyelewa, asiye mhalifu, huondoka? Sisi hatutaki kuandika kana kwamba hatujui. Tumewahi kupanda magari hayo.

Aliondoka kwanza kwa kuogopa watu. Hofu hii si ya kijinga. Kila mmoja wetu amepata kuona, au kusikia kutoka kwa aliyeona, dereva akishushwa na kupigwa kabla mtu yeyote hajauliza kosa ni la nani, na mzigo wa lori ukigawanywa kana kwamba ni sadaka. Magazeti yamezoea kuliita kundi hilo "wananchi wenye hasira kali", jina ambalo sisi twaona ni la heshima kupita kiasi. Mtu avunjaye kichwa cha dereva kwa ajili ya taa ya bajaji hana hasira ya haki. Ana nafasi tu, naye ameitumia. Kwa hiyo hatumlaumu dereva aliyeona maisha yake yamo hatarini akasogea. Lakini kusogea kuna mwisho wake, na mwisho wake ni kituo cha polisi kilicho karibu. Kama mzee wetu angalikwenda moja kwa moja mpaka kituoni akasema, "Nimegonga pale, nimeogopa kusimama, namba yangu ni hii," hakuna mwenye akili ambaye angemwita mkimbizi. Kilichomharibia ni kwamba alikipita kituo, akafikisha mzigo, akaliegesha lori, akaenda kulala.

Aliondoka pia kwa kumwogopa tajiri wake, na hapa twataka kukaa kidogo, kwa sababu twaamini kuwa ndiyo sababu yenyewe, ingawa hutajwa ya mwisho. Mzee alisema kuwa katika kampuni aifanyiayo kazi, mkwaruzo wowote hukatwa kwa mshahara wa dereva, na hukatwa bila karatasi. Mwezi mmoja mwenzake alipeleka nyumbani nusu ya mshahara kwa ajili ya kioo. Desturi ya namna hii ni kiwanda cha kutengeneza waongo. Ukimwambia mtu kuwa kila ukweli atakaousema utatolewa katika unga wa watoto wake, usishangae akinyamaza.

Na tena desturi hiyo ni kinyume cha sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikumpa mwajiri ruhusa ya kukata apendavyo. Ili amkate mfanyakazi fidia ya hasara, lazima hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe. Mwajiri aeleze kwa maandishi sababu, kiasi, na jinsi alivyokipata kiasi hicho. Mfanyakazi apewe nafasi ya kutosha ya kupinga. Kinachokatwa kisizidi hasara halisi. Na makato hayo yasipite robo ya ujira wake. Nusu ya mshahara kwa ajili ya kioo, tena bila karatasi, ni unyang'anyi. Aidha, dereva agongaye akiwa katika kazi ya tajiri, tajiri naye huwajibika kwa yule aliyepata hasara. Gari ni lake, faida ya safari ni yake, na bima aliilipia kwa ajili ya siku kama ile. Wenye makampuni wanaosoma haya wangefanya vema kubandika ukutani tangazo lenye maneno machache tu: atakayeripoti hataonewa. Watashangaa ni mikwaruzo mingapi itakayosemwa juma lile la kwanza.

Viongozi wa matawi ya vyama vya wafanyakazi nao tuna neno nao. Dereva aendapo kituoni peke yake huenda kama mshtakiwa. Akifuatana na mwakilishi wa tawi huenda kama mfanyakazi mwenye jambo la kueleza. Jambo hili halihitaji mkutano mkuu wala bajeti. Lahitaji mtu mmoja na asubuhi moja.

Tatu ni polisi wenyewe. Hapa hatutasema mengi, kwa kuwa askari wengi wa usalama barabarani husimama juani mchana kutwa kwa utumishi ambao wachache wetu tungeuweza. Lakini lisemwalo na madereva latakiwa lisikiwe: kwamba mtu aendaye kuripoti taa iliyovunjika aweza kuliacha gari lake uani pa kituo kwa siku kadhaa, na kwamba kulitoa huko wakati mwingine huhitaji maneno yasiyoandikwa popote. Kama kusema ukweli kwagharimu siku nne za kazi, na kunyamaza hakugharimu kitu, basi Serikali yenyewe imeweka bei juu ya ukweli. Ajali isiyo na majeruhi yafaa iandikwe, gari likaguliwe, na dereva aachiwe aende zake siku ile ile. Wakubwa wa kikosi waweza kulisimamia jambo hili bila kungoja sheria mpya.

Kuna watakaosema kuwa tunaukuza mgogoro, kwamba desturi yetu ni kumalizana. Ni kweli, na ni desturi njema. Watu wawili hushuka, hutazamana, huitwa fundi, bei hutajwa, fedha hutolewa, wakaagana. Hatuna ugomvi na hilo. Lakini kumalizana kwahitaji watu wawili, na mmoja akiwa ameondoka, huyo aliyebaki amalizane na nani? Hata wakikubaliana baadaye, na habari ipelekwe polisi na kwa kampuni ya bima, kwa maana wenye bima wengi hudai kuarifiwa mapema, na akawiaye kuwaarifu huwapa sababu ya kukataa. Na kuna jambo jingine wasahaulikao nalo wengi: mwili wa mtu hausemi yote siku ya kwanza. Mzee hakuona kama ndani ya bajaji ile mlikuwa na mtu. Aliona bati tu. Kama alikuwamo kijana amejinyoosha akingoja abiria, na shingo ikaanza kumuuma kesho yake, atakapokwenda hospitali kwa jeraha la ajali ataulizwa fomu ya polisi, ile PF3, naye ataeleza nini juu ya mtu aliyemgonga?

Swali hilo la mwisho ndilo lililomwinua mzee kitini. Alikuwa amefikiri juu ya taa, juu ya kioo, juu ya mshahara wake. Hakuwa amefikiri kuwa yawezekana mlikuwa na mtu ndani.

Alikwenda siku ile ile alasiri, akifuatana na nduguye na mwakilishi wa tawi lao. Aliandika maelezo yake kwa mkono wake, akataja siku, saa, mahali, na sababu iliyomfanya asisimame, bila kujitetea kupita kiasi. Kisha walikwenda watatu mpaka Buguruni kwenye kijiwe cha bajaji. Kijana walimpata. Hakuwa ndani ya chombo. Alikuwa ng'ambo ya barabara akinunua mihogo. Alikuwa amekwisha kukopa fedha kwa wenzake wa kijiwe ili anunue taa, na bado alikuwa akidaiwa hesabu ya siku moja. Hakupiga kelele. Alimwomba mzee amwandikie namba ya lori na jina la kampuni ya bima kwenye karatasi, akaikunja, akaiweka mfukoni mwa shati.

Mpaka tunapokwenda mitamboni, mzee anangoja wito wa polisi, na tajiri wake hajampa jibu. Amemwandikia barua, na nakala yake ipo kwa mwakilishi wa tawi.