Mgema Hajasifiwa Bado

Jioni moja, kwenye hoteli moja hapa Kivukoni, nilikaa na watu waliozungumzia sake ya Kijapani kwa saa nzima. Kila mmoja alikuwa na vikombe vitatu vidogo mbele yake. Hii ya Niigata, wakasema, ni kavu na nyepesi, haimzidi samaki nguvu. Ile imetokana na mchele uliokobolewa mpaka ikabaki nusu ya punje, ndiyo maana inanukia matunda. Nilijifunza mengi na nilifurahi. Kisha nikauliza: na mnazi je, unakwenda na chakula gani?

Wakacheka. "Mnazi ni mnazi tu, kaka."

Jamani, hapana. Tembo lililogemwa alfajiri ni tamu, halijaanza ukali. Jioni limeshachacha na linauma ulimi. Likilala siku kadhaa ni siki. Mgema anayepanda asubuhi na jioni anazijua saa hizo kuliko sisi tunavyozijua aya za vitabu tunavyojidai kuvichambua. Nenda Iringa na Njombe, ambako ulanzi hugemwa kwenye mianzi michanga msimu wa mvua. Wenyewe wana majina: ulio mpya na mtamu ni mtogwa, uliokaa ukakolea ni mkangafu. Kilimanjaro, mbege ya ndizi na ulezi hutiwa msesewa, gome chungu, utamu usije ukachosha. Huko si kupima ladha?

Sasa niambieni, maneno hayo yako wapi katika maandishi yetu? Kwenye hadithi nyingi tunazosoma, pombe ya kienyeji ina kazi moja tu: baba aliyeshindwa maisha anailewa, anarudi nyumbani, anampiga mama. Mhusika akifanikiwa, mwandishi anamkabidhi glasi ya mvinyo. Hilo neno "kienyeji" nalo limegeuka tusi, wakati maana yake ni cha wenyeji, yaani chetu.

Na msiniambie fasihi ya Kiswahili haijawahi kuwa na ulimi. Miongoni mwa nyimbo zinazonasibishwa na Fumo Liyongo umo utumbuizo wa uchi wa mnazi, na "uchi" hapo ni neno la kale la tembo. Washairi waliona kinywaji hicho kinastahili kuimbwa. Sisi hata kukieleza tunaona haya.

Mtu atanijibu kwa methali: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sawa, lakini methali inasema *akisifiwa*. Huyu wa kwetu kamsifu nani? Tumeogopa maji kabla ya kutoa sifa, na sasa vijana wanaona hakuna heshima katika kupanda mnazi. Kazi isiyosemwa vizuri hukosa warithi.

Wapo watakaonikumbusha dini, na wapo watakaonikumbusha gongo inayopofusha na kuua. Wote wana haki. Simwamrishi mtu kunywa, wala sitaipamba sumu. Ila asiyegusa pombe naye ana togwa, ana kahawa chungu ya vijiweni Kariakoo, ana maji ya dafu. Navyo pia tumeviandikia nini zaidi ya "vitamu"? Na mtu aliyezoea kutofautisha ladha ndiye atakayekuwa wa kwanza kuitilia shaka chupa yenye harufu mbaya.

Wajapani hawakungoja mgeni awaambie sake yao ina thamani. Waliipa majina kwa mkoa, kwa maji, kwa namna ya kukoboa mchele, wakayaandika. Desemba 2024 UNESCO ikaingiza ufundi huo katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Maneno yalitangulia, cheti kikafuata.

Japani hiyohiyo ndiyo iliyosaidia kujenga soko la samaki hapa Feri, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Pale pweza anakaangwa, changu anabanikwa, ndimu na pilipili zipo. Mimi nasema pweza huyo anataka tembo la jioni, lenye uchachu wa kukata mafuta, na si la asubuhi. Unaweza kunibishia. Nakuomba unibishie, tena kwa Kiswahili, na kwa maneno uliyoyachukua kwa babu au bibi yako kabla hajaondoka nayo.

Ila usiniambie tena kuwa mnazi ni mnazi tu.