Turufu ni ya nani?

Sisi waandishi wa magazeti tunalipenda sana neno turufu. Mgombea "kacheza karata yake ya turufu", kocha "kaificha turufu yake". Asili yake ni Kireno, trunfo, na Wareno walilichukua kwa Waitaliano. Waitaliano katika karne ya 15 waliziita trionfi karata 22 za picha walizoziongeza kwenye karata za kawaida. Karata hizo ndizo dunia inaziita taroti leo. Naam, zile za wapiga ramli wa Ulaya, zenye picha ya Mfalme, Mwezi, Kifo na Mtu Aliyening'inizwa.

Nimeanzia huko kwa sababu kila nikisema kuna wasanii weusi wa Marekani wanaotumia taroti kuzungumzia ubaguzi wa rangi na historia iliyofichwa, napata jibu lile lile: hayo si mambo yetu, tena ni ushirikina. Ushirikina nitaufikia. Lakini hili la "si mambo yetu" hebu tulitazame.

Nenda kijiwe chochote cha pwani wanapocheza karata. Utasikia kopa, uru, pao, shupaza. Kwa Kireno copas ni vikombe, ouros ni dhahabu, paus ni fimbo, espadas ni panga. Sasa fungua pakiti ya taroti: vikombe, sarafu, fimbo, panga. Ni zile zile! Karata tunazochezea zina michoro ya Kifaransa, ndiyo maana unaona moyo halafu unasema kopa, wala hushangai. Picha zilibadilika, majina tuliyoachiwa na Wareno yakabaki mdomoni.

Na hao wa Ulaya walizitoa wapi? Kwenye jumba la makumbusho la Topkapi, Istanbul, kuna pakiti ya karata za Misri ya enzi za Wamamluki, waliotawala kuanzia 1250 mpaka 1517. (Ndiyo, ni neno lile lile tunalomwitia askari wa kukodiwa. Kwa Kiarabu maana yake ni mtu anayemilikiwa, maana watawala hao walianza kama askari watumwa.) Pakiti hiyo ina vikombe, sarafu, panga na fimbo za mchezo wa polo. Haina sura za watu, ina vyeo vilivyoandikwa: malik, yaani mfalme, na chini yake naib. Kila asubuhi gazetini kuna naibu waziri kafungua semina mahali fulani, na cheo chake kimo ndani ya karata za Cairo za miaka mia tano iliyopita.

Hapa ndipo historia inapoanza kufichwa. Mwaka 1781, Mfaransa mmoja aitwaye Antoine Court de Gébelin aliandika kwamba taroti ni kitabu cha siri cha makuhani wa Misri ya mafarao. Hakuwa na ushahidi. Maandishi ya mafarao yenyewe hakuna Mzungu aliyeweza kuyasoma mpaka Champollion alipoyafumbua mwaka 1822. Hata hivyo Ulaya iliipenda hadithi hiyo, na wapo wanaoiamini mpaka leo. Yaani Misri ya kubuni ikatukuzwa, na Misri ya kweli, ya mafundi Waislamu waliochora na kuuza karata, ikasahauliwa. Sisemi Wamamluki walikuwa weusi. Wengi wao walitoka kwa Waturuki na milima ya Kaukazi. Ninachosema ni kwamba aliyefanya kazi hakutajwa.

Likaja la Pamela Colman Smith. Pakiti ya taroti inayojulikana kuliko zote ilitoka London mwaka 1909. Kwa miongo mingi imeitwa Rider-Waite: Rider ni mchapishaji, Waite ni bwana aliyeagiza kazi. Aliyechora karata zote 78 ni Pamela, na jina lake halikuwamo. Mwaka huo huo alimwandikia rafiki yake wa New York, mpiga picha Alfred Stieglitz, kwamba amemaliza kazi kubwa kwa pesa kidogo sana. Alifariki mwaka 1951 katika mji mdogo wa Bude, Uingereza, akiwa na madeni, na vitu vyake vikauzwa kuyalipa. Wakati huo karata zake hazikuwa zimeanza kuuzwa kwa mamilioni.

Pamela alizaliwa London kwa wazazi Wamarekani na akaishi Jamaica alipokuwa msichana. Wapo wanaosema alikuwa na damu ya Kiafrika, wapo wanaokataa, na mabishano ni marefu. Mimi naona tunapoteza muda. Hahitaji kuwa mweusi ndipo apewe haki yake. Tena hamu hii ya kumfanya mweusi inatupitisha pembeni ya watu weusi ambao hakika walikuwapo.

Mwaka 1899, miaka kumi kabla ya taroti, Pamela alitoa kitabu cha ngano za Jamaica, Annancy Stories. Annancy ni yule buibui mjanja wa Waakan wa Ghana, aliyevushwa bahari vichwani mwa watu waliofungwa minyororo. Kazi yake kule ni ile ya Sungura wetu: mdogo, dhaifu, anawashinda wakubwa kwa akili. Huko London Pamela alijipatia sifa kwa kuzisimulia ngano hizo mbele ya wageni, kwa lafudhi ya Kijamaika. Wanawake na wanaume wa Jamaica waliozitunza vizazi kwa vizazi hawamo kwenye jalada. Utangulizi uliandikwa na nani? Thomas Nelson Page wa Virginia, mwandishi aliyepata umaarufu kwa kuyapamba maisha ya mashamba ya watumwa kana kwamba yalikuwa enzi nzuri! Pamela kaporwa jina, sawa, lakini naye kasimama juu ya watu wasio na majina. Wanaomtetea leo sehemu hii huipita haraka haraka.

Sasa ushirikina. Mimi siamini kwamba karata inaijua kesho yangu, kama ambavyo sikuwahi kupanga safari kwa utabiri wa marehemu Sheikh Yahya Hussein. Lakini tazama kazi ya Betye Saar, msanii mweusi aliyezaliwa Los Angeles mwaka 1926. Mwaka 1969 alichukua fremu ya dirisha kuukuu akatengeneza Black Girl's Window, ambayo sasa iko makumbusho ya MoMA, New York. Chini kuna kivuli cha msichana mweusi, viganja vimebanwa kwenye kioo. Juu kuna vidirisha tisa vyenye nyota, miezi, simba, mifupa ya binadamu, alama za waganga na wanajimu. Kimoja kina mchoro wa kichwa kilichogawanywa vipande, wa wale waliodai kusoma akili ya mtu kwa umbo la fuvu.

Hiyo ya mafuvu iliitwa sayansi. Ilihubiriwa kwenye kumbi za heshima, na ilitumiwa kudai kwamba mtu mweusi ni duni. Ramli ya karata iliitwa upuuzi wa wanawake. Saar kaziweka pamoja ndani ya dirisha moja, basi niambie wewe ni ipi iliyoua watu.

Wengine wamefuata njia hiyo kwa karata zenyewe. Courtney Alexander ametoa Dust II Onyx, ambayo wafalme na malkia wake ni weusi, na mwaka 2020 Tayannah Lee McQuillar na mchoraji Katelan Foisy walitoa The Hoodoo Tarot, iliyojengwa juu ya tiba na sala za Wamarekani weusi. Kubadilisha rangi ya ngozi ya malkia peke yake hakunisisimui sana. Inaponikamata ni pale karata inapomleta mtu wa kweli aliyesahauliwa, kwa jina lake. Nikiwa natoka kwenye magazeti yenye "Na Mwandishi Wetu" na "Picha na Mpigapicha Wetu", naujua uzito wa jina.

Akitokea msanii wa hapa kuchora pakiti yake, namwomba aanze na Mtu Aliyening'inizwa. Italia ya zamani, picha ya mtu anayening'inia kwa mguu ilikuwa ya kumtangaza msaliti. Msaliti kwa mujibu wa nani? Mangi Meli wa Old Moshi alinyongwa na Wajerumani Machi 1900 kwa tuhuma za kula njama dhidi yao, na inaaminika kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Mwaka 2023 vipimo vya DNA huko Berlin viliyapatia ndugu walio hai mafuvu machache kutoka Tanzania. La Meli halikuwamo.