MTOTO NYUMBANI: Ubao, matofali matatu na mikebe



Mama mmoja wa Kolwezi ametuandikia. Kijana wake ana miaka 4 na nusu. Kila jioni anafuata kaka zake kwenye remblai, ule mlima wa udongo uliotupwa na mgodi nyuma ya mtaa wao. Anakaa juu ya kipande cha bidon, anateleza mpaka chini, kiisha anapanda tena. Mama amekataza, amepiga. Mtoto anarudi tu. Anauliza: nifanye nini?

Mama, mtoto wako si mkaidi. Anatafuta kujua. Mtoto wa umri ule akiona mteremko, sherti atupe kitu, sherti ateremke mwenyewe. Sisi pia tulifanya. Basi kukataza peke yake hakutoshi: umpe mteremko mwingine, nyumbani, mbele ya macho yako. Habari ya remblai tutairudilia.

Tafuta ubao wa metre moja, usio na misumari, na matofali matatu. Weka kichwa kimoja cha ubao juu ya tofali moja. Kiisha kusanya vitu vya nyumba: mikebe ya maziwa ya unga yenye vifuniko, chungwa, jiwe bapa, kopo ya plastiki, kipande cha sabuni. Pile za radio zilizokufa, hapana. Zinatoa maji yanayochoma ngozi.

Mbele ya kuachilia kitu, uliza: « Hii itafanya nini? » Mwache aseme. Akikosa, usimsahihishe, ubao utamsahihisha. Ni hapa sisi wakubwa tunaharibu, maana tunajibu mbio kuliko mtoto. Mkebe ukilazwa unabingirika. Ukisimamishwa unateleza ao unakaa tu. Jambo hilo moja linaweza kushika mtoto wa miaka 3 asubuhi nzima. Kopo nayo haiendi moja kwa moja. Mdomo wake ni mpana kuliko kitako, kwa hiyo inapinda na kuanguka pembeni ya ubao. Watoto wanacheka, wanataka tena na tena.

Piga alama chini kwa kipande cha makala pale mkebe unaposimama. Ongeza tofali la pili, kiisha la tatu. Alama zinakwenda mbali zaidi, na mtoto anahesabu pashipo kujua kama anasoma.

Kwa mwenye miaka 5, chukua mikebe miwili sawasawa. Mmoja uache mtupu, mwingine ujaze udongo na kuushindilia kabisa. Uachilie pamoja. Uliojaa unafika wa kwanza. « Juu iko muzito! » atasema. Sasa toa udongo wote, weka mchanga mkavu nusu mkebe tu. Bado ni mzito kuliko ule mtupu, lakini unakwenda pole pole, na kwa tofali moja pengine unasimama katikati ya ubao. Mchanga unahangaika ndani na kula nguvu ya mkebe. Usimweleze kwanza. Mwache autikise, asikilize.

Kiisha tandika gunia juu ya ubao. Jiwe lililoteleza jana leo linashika. Ondoa gunia, paka ubao maji na sabuni: jiwe linakimbia. Mtoto aliyeona chauffeur akiweka jiwe nyuma ya gurudumu la camion ataanza kukuuliza mambo.

Sasa remblai. Mwaga ndoo moja ya mchanga mkavu chini, pole pole. Kilima kinapanda, lakini pembeni mchanga unateremka wenyewe, na mteremko unabaki uleule hata ukiongeza. Weka pupe ndogo ya kitambaa chini ya kilima. Mpe mtoto kijiko, achimbe pale chini kabisa. Mchanga wa juu unakuja mara moja, pupe inafunikwa.

Fanya tena na mchanga ulioloana kidogo. Huu unadanganya. Shimo linasimama vizuri kama nyumba, mtoto anafurahi. Kiisha jua linaukausha, ao unamwagia maji mengi kama mvua ya Novemba, na kilima kinaanguka kwa pamoja, bila kuonya. Tumeona watoto wakinyamaza hapo. Wenyewe wanafukua pupe kwa mikono, na inachukua wakati kuliko walivyofikiri.

Kwa mchezo huu uite na kaka zake, Mama. Wao ndio wanaochimba chini ya remblai kutafuta mawe ya kijani, naye anawafuata. Mkubwa wa miaka 10 hatasikia « usiende » yako, lakini pupe ile ataikumbuka. Baba naye, kama anafanya kazi ya mgodi, aketi hapo awaambie namna wanavyokata kingo za carrière kwa ngazi, na sababu yake. Jambo hilo akilisema yeye, watamsikia kuliko sisi wa gazeti.

Na wakirudi kutoka nje, waoshe mikono kabla ya kula. Vumbi ya remblai ina madini ndani yake.

Anza jioni ya leo na tofali moja. Kile kipande cha bidon usikitupe: kioshe, ukate kipande kidogo, ukiweke juu ya ubao, pupe iteleze nacho.